Mikanda miwili

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno, Wandegeya, hapa Kampala. Daktari akamtazama mdomoni, akanitazama mimi, akatabasamu. Hakuuliza mtoto ameyatoa wapi. Akasema ni waya, miaka miwili, kisha akataja bei ambayo siiandiki hapa kwa sababu mama yake husoma ninayoyaandika.

Kwenye teksi mtoto alikuwa kimya, simu mkononi. Tulipokwama kwenye mataa akanisogezea simu hadi puani. "Baba, huyu naye hakuvaa waya."

Nikaangalia. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza: fulana nyeupe ya mikono mikato, masharubu, ngumi juu, mbele yake bahari ya watu. Nikacheka mpaka kondakta akageuka.

"Unamjua?"

Nikamwambia mimi niliwahi kuwa yeye. Kwa dakika nne hivi.

Mambo ya Nsambya, kambi ya polisi nilikokulia, nimeshawachosha nayo, kwa hiyo nitaenda moja kwa moja mwaka 1993. Nilikuwa na miaka 13 na kambi nzima iliniita Meno. Hata mwalimu wa dini akisoma orodha alisema Meno, nami nikaitika. Tulikaa kwenye "mama ingia pole", vile vibanda vya bati vya mviringo vya polisi ambavyo usipoinama mlangoni unaacha ngozi ya paji la uso. Kibanda cha pili kilikuwa cha Afande wa Trombone. Alikuwa wa bendi, na kibanda chake hakikutosha yeye na chombo chake kwa pamoja. Akifanya mazoezi aliacha mlango wazi ili lile bomba lipate pa kutokea. Kuku wetu walikuwa wamezoea. Likitoka wanapisha njia, likirudi wanaendelea kudonoa.

Siku moja alinikuta nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Akasema, "Toa mkono." Akaingia ndani, akatoka na kaseti pamoja na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne.

"Huyu ana meno manne ya ziada kule nyuma, ndiyo yanasukuma ya mbele. Pesa ya kuyang'oa anayo. Hataki, anaogopa sauti itabadilika."

Alisema "ana", kama mtu anayezungumzia jirani. Mwenyewe alikuwa ameshakufa, 24 Novemba 1991, na Afande alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Kuanzia hapo alinisimulia kwa mafungu, jioni moja hili, jioni nyingine lile, akisugua trombone kwa Brasso. Kwamba mtu huyu si Mzungu. Kwamba alizaliwa Unguja, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi, Wahindi wa asili ya Uajemi, na baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Hilo nililidaka mara moja: mtoto wa mtumishi wa serikali, kama mimi. Kwamba akiwa na miaka minane alipandishwa meli akapelekwa shule ya bweni India, mji wa Panchgani, ambako walianza kumwita Freddie, na huko akapiga piano kwenye kabendi ka wavulana wa shule. Alirudi Unguja 1963. Halafu mapinduzi, familia ikakimbilia Uingereza. Hapo Afande alipita mbio, nami nikapita mbio nyuma yake.

Ya London niliyapenda zaidi. Kijana anasoma sanaa ya uchoraji, anabeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, anauza nguo kuukuu kwenye soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mivumba, kwa lugha yetu! Nyota wa dunia aliuza mivumba. Na mpiga gitaa wao, Brian May, gitaa lake hakulinunua. Alilitengeneza nyumbani na baba yake kwa mbao za meko kuukuu. Sisi tuliokuwa tunatengeneza magari kwa waya na makopo ya Blue Band tulimwelewa kabisa mtu wa namna hiyo. 1970 wakaungana, Farrokh akaibatiza bendi Queen na kujibatiza mwenyewe Mercury. Sahani ya kwanza ilitoka 1973. Miaka miwili baadaye ukaja "Bohemian Rhapsody", ule wimbo mrefu wenye opera katikati, unaokaribia dakika sita. Waliambiwa hakuna redio itakayoupiga. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa.

"Alikufa na nini?" niliuliza siku moja.

Afande aliendelea kusugua. "Slim."

Ndivyo tulivyouita UKIMWI, na Uganda ya miaka ile neno hilo halikuhitaji maelezo. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alikuwa amerudi kutoka Sweden mwaka 1989 akasimama mbele ya watu na kusema anao, akazunguka shule na makanisa akiimba na kukonda mbele ya macho yetu, mpaka Desemba hiyo akafa. Yule wa Zanzibar alitangaza siku moja tu kabla ya kufa. "Kila mtu na moyo wake," akasema Afande, nami nikaona ule mkono unaosugua, jinsi saa ilivyokuwa ikiteleza hadi karibu na kiwiko. Niliona tu. Kuelewa kulikuja baadaye.

Basi, Krismasi. Kambi yetu ilikuwa na desturi ya watoto kuigiza nyimbo ukumbini: kaseti inaimba, wewe unatikisa midomo. Wengi walichagua nyimbo za Kikongo kwa sababu zina pa kukatika kiuno. Mimi nikaandikisha ule mrefu.

Fulana nilikuwa nayo. Masharubu nikachora kwa mkaa. Afande alikuwa ameniambia kwamba stendi ya maikrofoni ilimvunjikia mtu wake jukwaani zamani, akaipenda ile nusu, akabaki nayo maisha yote. Kwa hiyo nikaukata mti wa ufagio wa mama. Kilichobaki ni mkanda. Kwenye picha alikuwa na mkanda mpana kiunoni, na nyumba yetu ilikuwa na mkanda mpana mmoja tu, wa sare ya baba, wenye bizimu la shaba aliloling'arisha kila Jumapili kama kikombe cha ushirika. Baba alikuwa nje anaongea na wenzake. Niliuvaa. Ulinizunguka karibu mara mbili.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa maofisa kwenye viti, nyuma yao kina mama kwenye mikeka, watoto wamening'inia madirishani. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo redio ilitumia betri, na betri zilikuwa zile zilizoanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu za mwisho. Afande mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

Mwanzo wa wimbo ule ni mpole, sauti zimepangana kama kwaya. Watu walitulia. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliufungua wote, meno yote nje, nikasikia mtoto dirishani akisema "Meno!" na mwingine akamwambia nyamaza. Piano ikaingia. Nilikuwa nimefumba macho. Kijasho kilianza kuyayeyusha masharubu, nikaonja mkaa. Nilipoyafumbua niliona mama mmoja mkekani ameshika shavu kwa kiganja, kama anayesikiliza habari ya msiba wa mtu anayemjua, na Kiingereza hakujua hata neno. Nikainua ule mti wa ufagio juu. Nawaambia kweli, wakati huo sikuwa kijana wa polisi wa Nsambya.

Ikafika opera. Pale sauti zinapigana, hawa wanasema mwachieni, wale wanakataa. Katikati ya ule ugomvi wanaimba Bismillahi, kwa nguvu, neno zima, lasikika waziwazi.

Sasa, baraksi yetu ilikuwa na Wanubi wengi, Waislamu. Na kwenye mikeka ya mbele alikaa bibi mmoja wa Kinubi ambaye kutwa nzima alifunga na jioni ile alikuwa anasinzia. Kaseti ikatamka Bismillahi. Bibi, bila kufungua macho, akaitika kwa sauti ya msikitini: "Rahmani Rahim!"

Nusu ya mkeka ikamfuata.

Ukumbi ulipasuka. Afisa mmoja alitema soda. Mimi nilishikilia, nikaendelea kutikisa midomo, nikijua sehemu ya magitaa inakuja na hiyo itawanyamazisha. Lakini betri ndiyo kwanza zilikuwa zinaaga. Sauti za Waingereza zikaanza kuzama, nzito, za kilevi, kama watu wanaoimba ndani ya mtungi, kisha "kwiiik", na kimya. Redio ilikuwa imekula mkanda. Nilimwona Afande akiuvuta, ule utepe wa kahawia ukitoka na kutoka, unameremeta kwenye taa ya karabai, unamzunguka vidole.

Nikabaki nimesimama, mdomo wazi, ufagio juu.

Ningependa kuwaambia niliumalizia kwa sauti yangu. Nilijaribu. Ilitoka sauti ya mbuzi, maana ndiyo miezi sauti yangu ilikuwa inavunjika. Bibi wa Kinubi alikuwa ameamka sasa, akauliza jirani yake, "Mutoto ya nani hii, anasoma dua na suruali inaanguka?" Kwa sababu mkanda wa baba nao ulikuwa umefunguka. Bizimu liligonga sakafu ya saruji, na mlio huo nausikia hata leo.

Nafasi ya tatu. Tulikuwa watatu.

Usiku nilikaa nje ya kibanda nikisubiri viboko. Baba akatoka, akakaa kwenye kigoda, mkanda ameuweka mapajani, anaupitishia kidole pale ulipochubuka. Kimya kirefu. Upande wa pili Afande alikuwa anazungusha kaseti kwa kalamu ya biki, krr, krr.

"Huyo mutu yako," baba akasema, "unajua nani alimutoa Zanzibar?"

Nikasema mapinduzi.

"Mapinduzi ni mutu? Mutu ya kwetu ndiyo alimutoa."

Ndivyo nilivyosikia kwa mara ya kwanza habari za John Okello. Mlango, yaani mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda, kama sisi. Aliondoka Uganda kutafuta vibarua, akapita Kenya, akafika Pemba 1959, fundi wa matofali na rangi. Na alfajiri ya 12 Januari 1964 akaongoza watu walioangusha serikali ya Sultani, akajiita Fildi Mashali, akaingia redioni na kutisha visiwa vizima kwa Kiswahili kama hiki cha baraksi. Baba alilipenda sana hilo. Alisema Waunguja waliogopa sarufi kabla ya bunduki. Miezi miwili tu, wenzake wakamzuia kurudi kisiwani. Mwaka 1971 alionekana Uganda, halafu hakuonekana tena. Mwaka huo, wa Idi Amin kutwaa nchi na kuua Walango, baba aliutaja kwa sauti ya chini, kama Walango wa rika lake wote wanavyoutaja.

"Sasa fikiria," akasema. "Kama Okello alibaki hapa analima simsim, huyo kijana yako angekuwa karani ya mahakama. Kama baba yake."

Krr, krr, ikakoma. Kutoka gizani Afande akasema, "Afande, na wale waliokufa kule Unguja?"

Baba hakujibu. Aliinuka, akainama mlangoni, akaingia ndani na mkanda wake.

Mwaka uliofuata trombone ilirudishwa stoo ya bendi. Kaseti ilibaki kwangu. Sina kitu cha kuichezea.

Nilifika Unguja mara moja tu, 2016, kwa semina ya kazi. Nikaenda Shangani kuangalia nyumba wanayowaonyesha watalii, nikapiga picha kama watu wote. Jioni nikakaa barazani kwa mzee wa kahawa. Akasikia Kiswahili changu, akauliza natoka wapi. Uganda. "Uganda upande gani?" Ningeweza kusema Kampala. Nikasema Lira, Lango. Alikuwa ameshaanza kumimina. Birika likasimama hewani kidogo, kisha akaendelea, kikombe kikajaa. "Aa," akasema. "Lango." Akanikaribisha kashata. Sikujua niombe radhi au nishukuru, na kwa niaba ya nani. Nikalipa, akakataa pesa. Mpaka leo sijui alikataa kwa ukarimu au kwa lingine.

Hayo yote nilimsimulia binti yangu tangu Wandegeya hadi nyumbani, na foleni ya Kampala ilinipa nafasi ya kutosha. Nilidhani atauliza habari za Okello, au za yule mzee. Alikuwa anajiangalia meno kwenye kioo cha simu.

"Baba, na babu hakukupiga?"

"Usiku ule, hapana."

"Na mkanda wake umechubuka?"

Nikamwambia alinipiga asubuhi yake. Alisubiri kwanza paredi iishe, maana mkanda ulikuwa unahitajika.

Akacheka, mdomo wazi, bila kuweka mkono. Miadi ya waya ni Alhamisi ijayo na bado hajaniambia kama anakwenda.