Kwenda Kuliona Tena Jengo la Jumuiya

Tulipanda Coaster mjini Moshi alfajiri, mimi na baba mdogo, ambaye mpaka mwaka 1977 alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Nilikuwa na barua ya kupeleka katika ofisi moja iliyopanga ndani ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha. Yeye hakuwa na shughuli yoyote ila kuliona tena jengo ambalo hadi leo analiita "Jumuiya". Njia yenyewe, kupitia Boma Ng'ombe na Usa River, haina la kusimulia.

Getini askari kijana alimwamkia, akauliza, "Mnakwenda jengo gani, mzee: Kilimanjaro, Serengeti au Ngorongoro?"

"Kilimanjaro nimeiacha nyumbani," baba mdogo akajibu, na askari akacheka.

Majengo hayo matatu yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata yakageuzwa kituo cha mikutano. Tuliingia jengo silo, kosa langu, nami nikiwa naulizia, yeye akasimama mbele ya ubao wa majina ya wapangaji, akiyafuata kwa kidole kutoka juu hadi chini kama mtu anayekagua orodha ya mabehewa. Hakusema alikuwa akitafuta nini.

Nilimweleza kwamba humu ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilikosikiliza kesi zake hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na kwamba hukumu yake ya Septemba 2, 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilikuwa ya kwanza duniani ambapo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba nyumba iliyojengewa ushuru na nauli za treni imebebeshwa mzigo mzito mno. Kwangu mimi, hakuna aliyelieleza jengo lile vizuri zaidi.

Tulipotoka tulipita mbele ya makao mapya ya Jumuiya iliyofufuliwa, yaliyofunguliwa mwaka 2012 hapo hapo jirani. Akauliza nchi wanachama sasa ni ngapi. Nikamwambia nane.

"Sisi tulikuwa watatu, tukashindwana," akasema, akaanza kuulizia gari la kurudi Moshi.