Nilivyopata pesa za Inua Jamii za mwanangu, kwa msaada wa chupa ya uji

Waliokuwa wakinishauri nimshindishe mwanangu na njaa siku ya kupimwa ulemavu, "ili aonekane mnyonge", nawasalimu. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza, zinaingia, na mtoto alikwenda ameshiba.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe, hatamki neno, ila kucheka ndiyo kazi yake, na kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Mara ya kwanza tulipokwenda hospitali ya serikali kupimiwa ulemavu, mpimaji alimtazama nikiwa nimempakata, mtoto akamchekea, naye akajaza fomu kama askari wa maegesho anayekata risiti. Akaandika ulemavu wa wastani. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ningeipata hata hivyo. Lakini zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii ni za wenye ulemavu mkubwa: mtu wa kulishwa, kusafishwa, kulindwa asiumie, hata anayemlea hawezi kutoka kwenda kutafuta. Yaani mimi kabisa. Udobi wa nyumba kwa nyumba niliuacha alipokuwa mzito wa kubebwa mgongoni. Siku hizi nafua za watu hapo hapo uani.

Shoga yangu akaniambia kuna kijana pale nje ya geti anazijua njia. Nikamwendea. Akataka "kama elfu mbili hivi, mama, ya kuanzia". Nikamwambia, mwanangu, hizo ndizo ninazozitafuta.

Nikaomba apimwe upya, na safari hiyo nikabeba chupa ya uji. Asubuhi alikula kama kawaida. Foleni ile naijua, zamu yetu ingefika saa nne, saa yake ya uji. Tulipoitwa nikasema, "Daktari, saa yake ya kula imefika, naomba nimlishe huku ukiniuliza." Akakubali.

Nikamkalisha pajani wima, kichwa nikakizuia kwa kiwiko, kidole nikakiweka chini ya kidevu ili mdomo ufunge. Kijiko kimoja, nusu yake inarudi. Napangusa, nangoja ameze, natazama koo. Akipaliwa namwinamisha mbele mpaka pumzi irudi, halafu tunaanza tena. Daktari alimaliza maswali yake yote na kikombe bado hakijafika nusu. Akaniuliza, "Ndivyo anavyokula kila siku?" Nikamjibu, "Leo ana hamu, daktari." Akacheka, kisha akaandika, na safari hii aliandika alichokiona.

Baada ya hapo ni makaratasi tu, na naibu wa chifu kuliingiza jina kwenye orodha. Ila kuandikwa si kulipwa. Unangoja nafasi mpya zifunguliwe, na hapo hakuna ujanja nilioupata.

Jambo moja walinisumbua nalo kwetu: eti mlezi aandikwe kaka yangu kwa kuwa ana simu nzuri na kazi ya kueleweka. Nikakataa. Mlezi wa kuandikwa ni yule anayelala na mtoto, kwa sababu alama za vidole zitakazotakiwa ni zake. Sasa vyangu vimelika na dawa za madoa, mashine ikavikataa vyote kumi, na kijana wa mashine akaniambia nirudi wiki ijayo, kana kwamba vidole vitaota upya! Nikamwachia mdogo wangu nguo za watu, usiku napaka mafuta ya nazi na kuvaa soksi mikononi (mume wangu alicheka mpaka akakohoa), asubuhi napangusa vikauke. Kikasoma cha pete. Kimoja kikanitosha.

Kadi yenyewe nayo msiidharau. Mwalimu mmoja jirani yetu anayetembea kwa magongo aliitumia kuomba msamaha wa kodi: shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazikatwi kodi, ila mpaka uombe kwa mamlaka ya kodi upewe cheti chake. Alikuwa amekatwa miaka na kadi iko kabatini.

Hizi pesa zetu za Inua Jamii ni za nepi, nauli ya kliniki ya mazoezi na unga kidogo, na mara nyingine huja za miezi miwili kwa mpigo. Huko kliniki akina mama wameshaniita wakili. Wakinijia na maswali yao nami huanza na langu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto unacho? Wengi hunyamaza, nami huwatuma wakakitafute kwanza.