Mgonjwa Akiruhusiwa Siku ya Ijumaa

Daktari akishasema mgonjwa asiyetarajiwa kupona apelekwe nyumbani atunzwe huko, jamaa hukimbilia bili. Ni kweli bili ni mzigo, na pasipo kuipanga mgonjwa hatoki wodini. Lakini mbio hizo zikiisha Ijumaa jioni, mara nyingi mgonjwa hufika nyumbani, mitaa ya Nairobi kama Kayole au Kawangware, akiwa na karatasi ya dawa tu mkononi. Duka la dawa la mtaani halina mofini, ile dawa kali ya maumivu, na ofisi za hospisi, watu wanaotuliza maumivu ya wagonjwa wa aina hii, zimeshafungwa. Maumivu yanachacha Jumamosi usiku, na kufikia Jumapili yuko kasualti amelazwa kwenye machela, mahali ambapo yeye na nyinyi mlikuwa mmekubaliana asirudi. Siku 3 hizo za kwanza ndizo huharibu mambo, na karibu kila kitu cha kuziokoa hupangwa mgonjwa akiwa bado kitandani hospitalini.

Kwanza tuondoe dhana moja. Hospisi si nyumba ya kumpeleka mtu akafie. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990 jirani na Hospitali ya Kenyatta, huwahudumia wagonjwa wanaofika kliniki na kuwatembelea wengine makwao. Vituo vyenye vitanda vya kulaza ni vichache nchini. Kimoja ni Kimbilio, kule upande wa Eldoret. Kwa hiyo mlezi mkuu ni nyinyi wa nyumbani, na hospisi inawashika mkono.

Basi mwombeni muuguzi wa wodi awaite watu wa huduma shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, mapema, siku 3 au 4 kabla ya kuruhusiwa. Muulize mgonjwa mwenyewe anataka kukaa wapi. Wengi watasema mashambani, na hapo barua ya rufaa iandikiwe hospisi ya huko: Nyeri, Nakuru, Kisumu, Meru, Eldoret, au Coast Hospice kama ni Mombasa. Barua ya kwenda Nairobi haimsaidii mtu atakayelala Siaya. Pigeni simu huko kabla ya safari, mjue siku ya kliniki na kama wanafika kijijini kwenu. Suala la pesa lipelekeni kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, naye aangalie kama michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, imelipwa, gharama ipi inafunikwa, na kama salio linaweza kulipwa kwa awamu. Msingoje asubuhi ya kutoka.

Sasa mofini, na hapa nitakawia. Ile ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Kuna yenye miligramu 1 kwa kila mililita 1, na kuna yenye miligramu 10 kwa mililita hiyohiyo. Mgonjwa aliyeandikiwa miligramu 5 atakunywa mililita 5 za ile ya kwanza, lakini nusu mililita tu ya ile ya pili. Ukimpa ya pili ukidhani ni ya kwanza, umempa mara 10 ya dawa yake. Soma lebo kila mnapopewa chupa mpya, mwambie mfamasia akuonyeshe kipimo kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, kisha uchore mstari wa kalamu pale dawa inapofika. Kijiko cha chai hakina kipimo cha kuaminika.

Dawa hii hufanya kazi kwa takriban saa 4, ndiyo sababu hutolewa kwa saa na si kwa kungoja mtu alie. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu ili alale hadi asubuhi, kama daktari ameagiza hivyo. Kwa miligramu 5 za ile nyepesi, hesabu ni mililita 30 kwa siku, yaani 90 kwa siku 3, bila kuhesabu dozi za akiba za maumivu yanayochomoka katikati. Mtu anayetoka Ijumaa asikubali chini ya dawa ya wiki nzima. Dozi za akiba zote ziandikwe daftarini pamoja na saa. Muuguzi wa hospisi akiona zimekuwa nyingi, atajua kipimo cha kawaida kinahitaji kupandishwa.

Kuna dawa mbili za kuandamana nayo. Ya kulainisha choo ni ya kila siku tangu siku ya kwanza, kwa sababu mofini hufunga choo na hali hiyo haizoeleki. Ya kichefuchefu huhitajika siku chache za mwanzo. Usingizi mwingi wa siku 2 au 3 ni kawaida, hasa kwa mtu ambaye maumivu yalimnyima usingizi kwa wiki nyingi. Lakini akianza kushtukashtuka mikono, mkojo ukipungua na akawa mgumu kuamka, pigeni simu kabla ya dozi inayofuata: figo zikichoka, mofini hujikusanya mwilini. Hofu ya uraibu iacheni. Mtu anayekunywa kipimo chake kwa ajili ya maumivu ya saratani hageuki mteja wa dawa za kulevya, na inauma kuona shangazi akificha chupa kwa nia njema huku mgonjwa akisaga meno.

Nyumba nayo ikaguliwe. Kama ni ghorofa ya 5 mtaani Pipeline na hakuna lifti, waambieni watu wa ambulensi kabla hawajafika, waje na watu wa kutosha, au fikirieni nyumba ya ndugu iliyo chini. Dozi itolewe nusu saa kabla ya kuondoka, na nyingine ibebwe mkononi. Maji yawekwe kwenye mitungi, maana shuka zitafuliwa kila siku na mfereji hauna ahadi. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika ikiwaka mchana na usiku hula takriban uniti 8 za stima kwa siku. Tokeni zisiishe usiku, na pawe na mtungi wa oksijeni wa akiba stima ikipotea. Mara nyingi, kama kiwango cha oksijeni hakijashuka, feni ndogo ya kumpepea usoni humtuliza kuliko mashine hiyo. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2 kwa kuvutwa na leso iliyokunjwa chini yake, si kwa kukokotwa mikono. Kidonda chenye harufu muulizeni muuguzi kuhusu kunyunyizia metronidazo, dawa ya kuua bakteria, iliyosagwa. Harufu hupungua, na wageni huacha kukaa mlangoni.

Chakula kitawagombanisha. Mwili unaofunga kazi hauhitaji uji, na kulazimisha humpalia. Mlowesheni midomo kwa kitambaa safi, inatosha. Pumzi ikianza kukoroma mgeuzeni ubavu. Ikija kwa vipindi na miguu ikapoa, ni dalili ya saa au siku chache. Kubalianeni mapema nani atapigiwa simu na nani atamzuia jirani anayekimbilia ambulensi, na mumwombe daktari aandike kwenye ripoti ya kuruhusiwa kwamba moyo ukisimama mgonjwa asihuishwe.

Ripoti hiyo na barua ya hospisi zikae mahali pamoja na kitambulisho. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu ili kibali cha mazishi kitolewe, na mochari nyingi za jijini hutaka pia barua ya polisi kwa mwili uliotoka nyumbani. Karatasi zinazoonyesha kwamba ugonjwa ulijulikana hupunguza maswali. Kwa Waislamu wanaozika siku hiyohiyo, nakala ziwe tayari kabla. Mofini iliyobaki irudishwe hospisi au duka la dawa la hospitali ilikotoka, ikiwa na lebo yake. Msimpe mgonjwa mwingine mtaani, hata akiwa na maumivu yaleyale.