Mgonjwa asiyeitikia

Watu wakisikia niko wodi ya wagonjwa mahututi huniambia, "Ninyi manesi wa kule mmeshazoea." Inaniuma. Hatujazoea. Huruma hulishwa na majibu, kuguna tu au jicho linalokufuata, na wagonjwa wetu wengi hawana cha kutujibu.

Mpira wa kupumulia hupita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo sauti haitoki. Hata kile kipimo cha fahamu chenye alama 3 hadi 15, sehemu ya kuongea tunaandika tu kwamba haipimiki. Ongeza dawa za usingizi, plasta mdomoni, na macho tuliyopaka mafuta yasikauke. Unamgeuza kila saa 2 asipate vidonda, unamvuta makohozi, mashine inalia, na wewe unaitazama mashine. Namba ndizo atakazokuuliza daktari wa zamu. Mashine ya kitanda cha jirani nayo ikianza kulia, ndiyo basi tena.

Wiki hii ninaye mzee mmoja, mvuvi wa Kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria. Kidole chake cha shahada nilikijua kama mahali pa kubana kipimo cha oksijeni. Ngozi nene, kipimo kinasoma kwa shida. Leo saa 12 asubuhi binti yake aliingia. Alivuka jana kwa kivuko, akapita daraja la Kigongo–Busisi, akalala kwa ndugu zake Nyegezi, Mwanza. Akainama, akamsalimia kwa Kisukuma: "Baba, mwangaluka." Kisha akanyamaza, akimsubiri aitikie kama kawaida yao. Alisubiri kweli. Mimi humsalimia mzee huyu kila nikiingia zamu, lakini sijawahi kumwachia nafasi ya kuitikia.

"Sista, samahani, baba halali chali. Hata mtumbwini hulala ubavu." Akanionyesha kovu kwenye kidole kilekile: uzi wa ndoano ya sangara.

Mengine yanayotuchosha ni kumtuma binti kama huyu akanunue dawa ilhali unaona hana kitu. Au kitanda kufutwa na kutandikwa kabla hujamaliza kumlilia aliyetoka.

Kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu, chini ya presha na mkojo, nimeandika: hulala ubavu, asalimiwe Kisukuma. Mwenzangu wa mchana alisoma, akaenda kumsalimia kabla hajagusa mashine. Jumatatu nitamwomba mkuu wa wodi mstari huo uwemo kwenye fomu yenyewe.