Diwani mtarajiwa, ahadi hiyo ina fungu?

Mkutano wa kampeni wa kata hapa Tanga, uwe Makorora au Mabawa, una saa moja na nusu tu ya maana. Kabla ya alasiri watu hawajakusanyika, na ikifika saa 12 jioni kipaza sauti lazima kizimwe. Wapambe ndio wanaokula muda huo. Kila mmoja anatambulisha meza kuu upya, muziki unapigwa tena, na mgombea anashikishwa kipaza saa 11:40 huku kina mama wameshaanza kwenda kupika. Anayenadi sera apewe dakika 20 kamili, na 15 za maswali, hata kama wasemaji wengine wote watakatwa.

Spika ziwekwe mbele ya mgombea. Zikiwa nyuma yake, kipaza kinanasa sauti inayotoka kwenye spika na kupiga mluzi. Jenereta iende mbali, kule upepo unakoelekea.

Sasa hoja yenyewe. Wengi wanaogombea udiwani wanaahidi vitu visivyo mikononi mwa diwani: lami, maji, umeme. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, umeme ni TANESCO, maji ni mamlaka ya maji. Diwani anaweza kusukuma, kuhoji kwenye Baraza la Madiwani na kupigania vipaumbele vya kata yake, na hiyo ni kazi kubwa. Aiseme hivyohivyo, wapiga kura wa Tanga wanaelewa.

Chukua mtaro uliojaa mchanga Ngamiani. "Nitaleta maendeleo" haimsaidii mtu ambaye maji yanamwingilia hadi uvunguni mwa kitanda. Mgombea autembee huo mtaro asubuhi ya mkutano, ahesabu hatua, aone karavati lilipoziba, kisha jioni aseme: unaanzia hapa, unaishia pale, umeziba sehemu mbili. Halafu aseme tarehe. Kura huwa Oktoba, wakati mvua za vuli zinaingia, ila mwaka wa fedha huwa umeshaanza 1 Julai na bajeti imeshapita. Kwa hiyo mwaka wa uchaguzi ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, wa kuzibua. Kujengea zege kunaombewa fungu la Julai ijayo. Anayeahidi zege kabla ya Krismasi aulizwe pesa inatoka wapi.

Mikopo nayo inapotoshwa sana. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi imegawanywa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Diwani haitoi mfukoni. "Nitawapa mikopo" ni kauli itakayojaza watu nyumbani kwake Desemba, wakiwa na hasira ya haki. Aseme atawasaidia kusajili kikundi na kuandaa maombi.

Kwenye maswali, kipaza kipelekwe nyuma kwanza. Wanaosimama karibu na jukwaa mara nyingi ni wapambe, na maswali magumu yako kwa kina mama walioegemea ukuta.

Mwishoni ahadi tatu ziandikwe kwenye karatasi, mgombea asaini, abaki nayo mzee mmoja wa mtaa. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Siku ikifika nenda nayo, kaa nyuma, usikilize kama ule mtaro umetajwa.