Simu ya mtumba, pedeli za kweli

Simu ninayoendeshea baiskeli aliniachia mteja baada ya kusikia bei ya kioo. Nikaiwekea kioo cha mtumba. Haina laini, haina bando, kamera ya mbele imekufa. Lakini GPS inashika, Bluetooth inashika, na betri inakaa na chaji. Kwa kazi yangu vinatosha hivyo vitatu.

Wanaonijua kama fundi simu hapa Arusha wanashangaa kwa nini sijaifunga kwenye usukani. Sababu ya kwanza hata hamhitaji kuambiwa: kioo kinachowaka usukanini kwenye foleni ya Sakina ni kumkaribisha kibaka. Ya pili naiona mezani kwangu. Vijana wa bodaboda wananiletea simu ambazo kamera inatetemeka yenyewe, ukiifungua unasikia inanguruma, picha inacheza utadhani imeshikwa na mlevi. Kamera nyingi za siku hizi zina lenzi inayosogezwa kwa sumaku ili kufidia mtetemo wa mkono, na mtikisiko mkali wa kila siku unachosha kile kifaa. Apple walitoa tahadhari hiyo mwaka 2021, wakizungumzia hasa pikipiki zenye injini kubwa. Baiskeli haina injini, najua. Bado siweki simu ya pesa juu ya usukani kwenye barabara ya mawe.

Kwa hiyo simu inakaa mfuko wa mgongoni, kioo kimezimwa, inanisomea kwa sauti. Natumia OpenTracks, programu ya bure ya Android isiyohitaji intaneti kabisa. Inasoma vihisi vya Bluetooth, yaani vile vifaa vidogo vya kupima mwendo au mizunguko ya pedeli, na kutangaza umbali na mwendo kwa vipindi unavyochagua mwenyewe. Kwa kuwa kinachokula chaji kuliko vyote ni kioo, nazunguka asubuhi nzima bila pawabenki.

Simu isiyo na bando ina shida moja: GPS inachelewa kuamka. Ikiwa na intaneti inapakua haraka taarifa za mahali satelaiti zilipo. Isipokuwa nayo inabidi izisikilize kutoka kwa satelaiti zenyewe, na kila satelaiti inachukua sekunde 30 kuzitaja zake, ikikatizwa na paa au mti inasubiri mzunguko mwingine. Mimi naiweka uani juu ya ndoo, najaza upepo, napaka mnyororo mafuta. Nikimaliza nayo iko tayari.

Sasa vihisi. Ukiwa na hela ya kimoja tu, nunua cha kuhesabu mizunguko ya pedeli. Kila mtu anakimbilia cha mwendo, na mimi nasema hicho kinaweza kusubiri.

Sisi tuliojifunzia kwenye Phoenix, mguu mmoja ukipenyezwa chini ya bomba la fremu kwa sababu kiti hukifikii, tulikua na gia moja. Mlima ukija unasimama na kukandamiza kwa uzito wa mwili. Ukimpa mtu huyo baiskeli ya gia, bado anachagua nzito na kukandamiza vilevile. Nilipofunga kihisi na kupanda kuelekea Ngaramtoni, baadaye nikakuta rekodi imeandika mizunguko 52, 55, 50 kwa dakika. Waendesha baiskeli wa mashindano wengi huzungusha kati ya 80 na 100 kwa dakika. Kumbe yale magoti yanayouma Jumatatu hayakuwa uzee. Siku hizi nikihisi imeshuka chini ya 70 nalegeza gia hapohapo, sibishani.

Kukifunga ni kazi ndogo, ila ifanye taratibu. Kinakaa upande wa ndani wa mkono wa pedeli wa kushoto, kwa mpira au kwa zile tai za plastiki za mafundi umeme. Zungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono na uchungulie: kati ya kihisi na fremu pabaki nafasi ya kupitisha kidole, maana mpira ukilegea njiani kitagonga fremu na kukatika. Kihisi hulala kisipozunguka, kwa hiyo usikitafute kikiwa kimetulia. Zungusha kwanza, kisha kiunganishe ukiwa ndani ya programu yenyewe, si kwenye menyu ya Bluetooth ya simu. Vingi vinazungumza na simu moja tu kwa wakati; kikishikwa na simu nyingine iliyo mfukoni hutakiona. Na dukani soma boksi: kilichoandikwa ANT+ peke yake, ambayo ni njia nyingine ya vihisi kuwasiliana bila waya, simu nyingi haziwezi kukisikia.

Cha mwendo kinafungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kina faida ukipita sana chini ya miti minene, kama njia za migomba upande wa Tengeru, ambako GPS inachora mstari wa kulewa. Lakini ukikinunua pima tairi lako. Weka valvu chini kabisa, piga chaki sakafuni, kaa juu ya baiskeli, songa mpaka valvu irudi chini, piga chaki tena. Programu ikidhani tairi ni milimita 2,105 na lako ni 2,055, utapewa karibu kilomita moja ya bure katika kila 40. Kuna rafiki zangu wanaozihitaji.

Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo: ulowanishe kwa maji kabla ya kuuvaa, basi.

Ukikuta safari imekatika katikati, usilaumu kihisi. Simu zetu nyingi huua programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, zikidhani zinaokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta jina la programu, iondolee vizuizi. Kihisi chenyewe kinakula betri bapa ya CR2032, ileile ya rimoti nyingi za gari, na inakaa miezi.

Kuna mtu kaniuliza kuhusu kile cha kupima nguvu ya miguu kwa wati. Nimeangalia bei yake, nikaangalia na ya baiskeli yangu. Acha kwanza.