Kiangazi changu cha kwanza Desert Hot Springs

Nilipopata kazi ya kumtunza bibi mmoja katika mji wa Desert Hot Springs, California, mwezi Machi 2024, joto halikuwa kwenye orodha ya mambo yaliyonitia wasiwasi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia chini ya bati. Joto nalijua, nilijiambia.

Kumbe nalijua la pwani tu. Joto la Tanga linakuambia kwamba lipo: nguo inaganda mgongoni, jasho linaingia machoni, unatafuta kivuli bila kuambiwa na mtu. La jangwani linakuja kimya. Hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona, na unajihisi mzima huku mwili unaishiwa maji. Mwezi Juni nilikwenda dukani kwa miguu saa nne asubuhi, mwendo wa robo saa tu, nikarudi nimeshika uzio. Ulimi mzito, kichwa kinagonga, blauzi kavu kabisa. Nikajilaza kwenye sakafu ya jikoni, na Bibi, mwenye miaka themanini na kitu na magoti yaliyoliwa na baridi yabisi, ndiye aliyeniletea maji. Nililia siku ile. Nilikuwa nimeletwa kumwangalia yeye.

Mji wenyewe una watu kama 32,000. Uko upande wa kaskazini wa bonde la Coachella, na ng'ambo yake ni Palm Springs yenye mahoteli makubwa; katikati kuna barabara kuu na mitambo ya upepo imesimama kama msitu, kwa sababu upepo unaopenya kwenye pengo la milima ya San Gorgonio haupumziki. Mchanga unaingia hadi kwenye droo za vijiko. Sisi tulikaa kwenye mtaa wa wazee, nyumba zile zilizoletwa kwa magurudumu zikapangwa safu kwa safu, na sharti la kuishi pale ni kuwa na miaka 55 na zaidi. Katikati ya mtaa kuna bwawa la maji moto. Bibi alihamia kwa ajili ya bwawa lile.

Maji hayo hayachemshwi na mtu. Yanatoka kisimani yakiwa ya moto kiasi kwamba lazima yapozwe kwanza ndipo mtu aingie. Chini ya mji unapita ufa wa ardhi, tawi la ule ufa mkubwa wa San Andreas, nao umekuwa kama ukuta: upande mmoja maji ni ya moto, upande wa pili ni baridi na matamu ya kunywa. Aliyeligundua jambo hili ni Cabot Yerxa, aliyefika mwaka 1913 kuchukua shamba la jangwani. Alikuwa akitembea maili saba na punda wake hadi kituo cha reli kufuata maji. Kisha akachimba kisima, akakuta maji moto; akachimba kingine si mbali na pale, akakuta baridi. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kwa mbao na vyuma vya kuokota, yenye vyumba 35 na madirisha 150, leo ni makumbusho. Nilipoiona nilifikiria maji moto ya Amboni, na wazee wetu wanaokwenda kule kuogea maradhi ya ngozi na viungo. Ni imani ile ile, na mimi naiamini, maana nimeona Bibi akiingia bwawani vidole vimekunjamana na kutoka akifunga vifungo vya gauni mwenyewe. Daktari alimpa dakika kumi na tano, asizidishe, kwa sababu ya presha. Nilikuwa nakaa ukingoni na saa mkononi.

Lakini starehe hiyo ni ya majira ya baridi. Kuanzia Novemba mtaa unajaa wazee kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini, ambao wenyeji wanawaita ndege wa theluji. Ikifika Mei wanafunga madirisha na kuondoka. Wanaobaki ni wale wasio na nyumba ya pili, pamoja na sisi tunaowatunza. Mji huu husifiwa kwa jua lake, na wanaousifu hivyo wengi hawajawahi kuukalia Julai. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Baada ya siku ile ya jikoni nilikaa nikafikiri, na jibu nililipata kwenye mwezi wa Ramadhani. Sisi tumezoea kugeuza siku. Nikaanza kumwamsha Bibi saa kumi na moja alfajiri, mara tu nikishaswali. Tunatembea hadi jua linapochomoza, tunakunywa chai, na kazi zote za moto, kupika na kufua, zinakwisha kabla ya saa mbili. Kisha mapazia yanafungwa, tunalala mchana kama watu waliokula daku, na dukani tunakwenda baada ya magharibi. Chupa za maji nilizipanga mezani, nne zake na sita zangu. Kila moja ina saa yake, kiu iwepo isiwepo. Lami ya huko mchana inababua ngozi, kwa hiyo viatu vikakaa mlangoni na sheria ikawa moja: hata kwenda kwenye sanduku la barua, hapana kandambili zinazochomoka mguuni.

Tarehe 5 Julai kipimo cha Palm Springs kilifika nyuzi 51, joto ambalo halijawahi kuandikwa pale kabla. Tulipita salama. Nyumba yetu haikuwa na kiyoyozi cha kweli, ilikuwa na ile mashine inayovuta hewa kupitia pedi zilizoloweshwa maji. Kwenye hewa kavu inasaidia sana. Kosa langu lilikuwa kuiamini moja kwa moja.

Mwisho wa mwezi mawingu ya mvua za kiangazi yakapanda kutoka upande wa Meksiko. Hewa ikawa nzito kama ya kwetu, nami nikafurahi, nikahisi niko nyumbani! Mchana Bibi akaniuliza mume wake amekwenda wapi. Mume alikuwa amefariki miaka mingi. Nikamshika paji la uso, ni moto. Mashine ilikuwa inapuliza hewa yenye maji kwenye hewa iliyokwisha kujaa maji, haipozi kitu.

Nilichovya kanga mbili kwenye maji ya friji, moja shingoni, moja kwapani na kifuani, nikapiga simu ya dharura. Walipofika alikuwa ameshaanza kulitaja jina langu, na hospitali walimwongezea maji wakamruhusu siku ya pili. Sikumrudisha nyumbani. Tulikwenda maktaba ya mji, penye ubaridi, tukakaa hadi inafungwa, usiku tukalala kwa jirani. Nikampigia mwanawe, anaishi jimbo lingine, nikamwambia bila kuzungusha: kiyoyozi cha dirishani kiwekwe kesho, la sivyo namhamisha mama yako. Alinyamaza kidogo. Kikawekwa.

Sasa ni Mei nyingine, na majirani wa Kanada wameshaondoka. Kwenye mlango wa friji nimebandika ratiba yetu kwa saa za Kiswahili, na Bibi amejifunza kwamba jua likichomoza kwetu ndipo tunaanza kuhesabu. Jana usiku nilisahau kujaza chupa. Alinigongea ukutani.

"Saa kumi na moja," akasema, neno kwa neno. "Maji."